Maua yasiyojua kulala

Ukitafuta ushauri wa maua ya kudumu mtandaoni, utaambiwa usubiri majira ya baridi yapite ndipo upande. Baridi gani? Sisi wa Nairobi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Na hiyo Julai yetu, tunayoilalamikia huku tumevaa sweta mbili, sijawahi kuiona ikigandisha hata maji ya ndoo iliyosahauliwa nje.

Ushauri ule uliandikiwa mimea inayolala. Kule Uingereza majani ya mmea hukauka, mizizi ikapumzika ardhini miezi kadhaa, kisha ukaamka wenyewe. Hapa Buruburu haulali. Unakua Januari hadi Desemba, unajisonga, katikati panabaki vijiti vitupu, maua yanapungua, halafu mwenye bustani anasema udongo umechoka. Mara nyingi udongo hauna neno. Mmea ndio haujapumzishwa, na wa kuupumzisha ni wewe, kwa kisu.

Chukua jeraniamu, hii yenye majani ya harufu ambayo nusu ya nyumba za Eastlands zimewahi kuwa nayo kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Asili yake ni Afrika Kusini. Ulaya wengi huipanda kama ua la msimu mmoja kwa sababu barafu huiua. Hapa inageuka kichaka chenye shina gumu. Yangu ya ukutani ilikuwa imefika dirishani, maua machache kule juu na chini miguu mitupu. Mvua za Machi zilipoanza niliikata ikabaki shibiri moja. Mjukuu wangu aliponikuta na makasi alipiga kelele, "Susu, umeiua!" Kabla Mei haijaisha ilikuwa imechipua hadi chini, na vijiti nilivyokata nilikuwa nimeshavichomeka kando ya ukuta baada ya kuviacha kivulini majeraha yakauke.

Kwa hiyo ukiletewa vitunguu vya tulipu, yaani vya kupanda maua wala si vya mboga, na ndugu aliye Ujerumani, shukuru, kula chokoleti alizoleta, na hivyo vitunguu usivitegemee. Vinahitaji wiki nyingi za baridi kali kabla ya kuchanua. Wapo wanaoviweka kwenye friji. Friji yangu ina kazi ya kuweka maziwa na muthokoi wa kesho. Hata pareto, ambayo ni ua la kudumu na limesomesha watoto wengi wa Molo na Kinangop, hupenda kule juu ambako usiku una baridi ya kuifanya itoe vitumba.

Nirudi kwenye yanayotuweza.

Kwanza udongo, maana Nairobi ni mbili. Upande wa Karen, Kikuyu na Kiambu kuna ule mwekundu, unaopitisha maji vizuri, na mtu wa huko akijisifu kwa bustani yake mimi hunyamaza tu. Sisi wengi wa mashariki na kusini tuna mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unavimba na kunata kwenye viatu. Kiangazi unapasuka hadi kiganja kinaingia kwenye ufa, na mizizi myembamba hukatika hapohapo. Nilikoma kupigana nao. Niliinua matuta, nikachanganya samadi iliyooza sawasawa na magunia kadhaa ya udongo mwekundu, juu nikatandaza nyasi kavu. Kanna, ile yenye majani mapana kama ya mgomba, peke yake ndiyo niliyoipanda moja kwa moja kwenye ule mweusi, pale maji ya bafu yanapotokea. Mama yangu alifanya hivyo Machakos na sijaona sababu ya kubadilisha. Kikonyo cha kanna kikishamaliza kuchanua hakichanui tena, kwa hiyo kikate hadi chini kipishe wenzake.

Sasa agapanthasi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Ni yale maua ya bluu, au meupe, yaliyokusanyika kama mpira juu ya kikonyo kirefu, unayoyaona mbele ya ofisi na makanisa. Nayo ni mzaliwa wa Afrika Kusini, hudumu na majani mwaka mzima, na kiu haiitishi sana kwa kuwa mizizi yake ni minene na huhifadhi maji. Hupenda kubanana kidogo. Ikibanana mno, mizizi inajisukuma juu hadi inaonekana nje ya udongo, na vikonyo vinaanza kuadimika. Hiyo ndiyo dalili ya kuigawa, na kwangu huwa ni baada ya miaka minne au mitano.

Mimi hufanya hivi mvua za Oktoba zinapokaribia. Jioni ya kuamkia siku hiyo naloanisha tuta. Asubuhi nazungushia jembe la meno pande zote, mbali kidogo na shina, nikilitikisa taratibu badala ya kung'oa kwa nguvu. Shina likishatoka ni zito ajabu, lile la mwisho tulilibeba wawili, mimi na Mama Atieno wa nyumba ya pili, yeye akisema, "Mama Mutua, hii ni kichwa cha ng'ombe." Vidole havitoshi kulitenganisha. Napiga panga katikati, halafu vile vipande navigawa tena kwa kisu cha mkate cha meno, kile kisichofaa tena kwa mkate. Kila kipande kibaki na vichipukizi viwili au vitatu na mizizi yake. Mizizi iliyooza, ile inayolainika ukiibonyeza na kutoa maji ya kahawia, natupa. Majani nayapunguza hadi nusu ili mmea usipoteze maji kabla mizizi haijashika. Vikonyo vya maua nakata vyote, hata kama kimoja kina kitumba. Hapo Mama Atieno hugeuza uso.

Vipande hukaa kivulini hadi alasiri, majeraha yakauke, na huyapaka majivu ya jiko, mazoea tu ya nyumbani kwetu. Kisha vinaingia ardhini, shingo ikae sawa na uso wa udongo, isizikwe. Utomvu wake unawasha, kwa hiyo nawa mikono kabla hujagusa macho au mdomo. Na usitarajie maua mengi msimu unaofuata. Anajenga mizizi kwanza, mwache.

Hesabu yake ni tamu. Mche mmoja kando ya barabara nimeuziwa shilingi 150, na kijana akaniapia kwa jina la Mungu kwamba ni wa bluu. Ulichanua mweupe. Sina kinyongo naye, nyeupe pia inapendeza, lakini tangu hapo sinunui kitu ninachoweza kugawiwa. Mche wa jirani unajua rangi yake, unajua umeishi kwenye udongo kama wako, na ukikushinda unajua wa kumuuliza. Agapanthasi zangu ziko kwa Mama Atieno, ziko kwenye uwanja wa kanisa, ziko kwa askari wa geti aliyezipeleka kwao Bungoma ndani ya gunia la sukari. Mama Atieno alinilipa kwa yungiyungi la siku moja, lile la rangi ya chungwa ambalo kila ua hufunguka asubuhi na kunyauka jioni, huku vitumba vingine vikisubiri zamu.

Nilisema mimea yetu hailali. Ipo inayolala, ila hulazwa na kiangazi. Kuna ile ya kienyeji inayotoa mpira mwekundu wa nyuzinyuzi mvua zinapoanza, mara nyingine kabla hata ya jani. Kuna na gloriosa, mtambaazi mwenye petali nyekundu na njano zilizogeuka juu, ambaye hukauka kabisa mvua ikikatika. Mtu asiyejua hudhani imekufa, anachimba, anatupa. Weka kijiti pale ilipo. Na ujue zote mbili zina sumu, hasa kitunguu cha ile ya kwanza na kiazi cha gloriosa. Kama nyumbani kuna mtoto wa kuonja kila kitu, zipande nje ya uzio, au usizipande.

Julai ndiyo mwezi wa uvivu. Mawingu hayaondoki, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unayafanya majani kuwa meupe, na konokono hujificha katikati ya majani ya agapanthasi kama wamelipa kodi. Nawaokota kwa tochi baada ya taarifa ya habari. Maji ya mfereji huja yanapotaka, kwa hiyo natumia ya kusuuzia nguo, ila yale yenye dawa ya madoa namwaga kwenye mtaro.

Baba Mutua haelewi haya yote. Kwake kitu kisicholika ni mapambo ya matajiri, na ametwaa ukanda wote unaopata jua la asubuhi akapanda sukuma wiki. Namwachia, sababu ukiichuma vizuri majani ya chini na kukata vichwa vya maua, sukuma wiki nayo hudumu mwaka na zaidi, shina likirefuka hadi kuegemezwa mti. Yake imenipita kimo. Nimemwambia mvua zikianza aikate juu, ichipue upya pembeni, na amekataa katakata kunipa kisu changu.