Shukia kwa mti: siku moja ya fundi wa friji barabara ya Magadi

Saa kumi na nusu alfajiri. Kayole, hapa Nairobi, bado ni giza, alamu imelia mara tatu na jirani ameshagonga ukuta. Mimi ni fundi wa friji, banda langu liko kule Grogan, na kazi nyingi ni za bucha na baa, ila mara moja moja naitwa mbali kuangalia friji ya chanjo, zile za sola. Hizo nazipenda, angalau hakuna mtu wa kuniambia ongeza baridi bia zishike barafu.

Sista wa zahanati moja huko mbele ya Oltepesi alikuwa amenipigia jana yake jioni. Friji inasoma nyuzi 9, na chanjo inafaa ikae kati ya 2 na 8, kwa hivyo ashazitoa zote akaziweka kwa kikasha na pakiti za barafu. Nikamwambia anitumie ramani kwa simu. Akacheka. "Fundi, ramani itakupeleka kwa korongo. Panda gari za kuteremka Magadi, mwambie dereva akushushe kwa mti. Ukishuka utaona tanki jeusi, sisi tuko hapo nyuma." Mti gani? "Ule mti."

Saa kumi na mbili niko Railways, nikapanda nganya, yaani matatu, ya Kiserian, muziki kama harusi na abiria wote wamelala. Rongai hakuna cha kusimulia, jam tu.

Saa mbili kasorobo. Kiserian nimekunywa chai ya maziwa na mandazi mbili, kisha nikabanwa ndani ya probox watu tisa na jerikeni moja ya mafuta ya kupikia, begi la spana magotini na rola ya waya shingoni kama shada. Hapo mbele kidogo kuna Kona Baridi, na jina halidanganyi, upepo unapiga gari hadi linayumba, ukitazama nyuma unaona vile vinu vya upepo vya Ngong vinazunguka, mbele ndio Bonde la Ufa limefunguka chini yako, kahawia na buluu hadi mwisho wa macho. Kutoka hapo ni kuteremka tu. Masikio yanaziba, sweta inatoka, halafu jaketi, halafu unajuta kuvaa soksi nzito. Mtu wa Nairobi anadhani baridi iko kila mahali, kumbe inaisha kilomita chache baada ya Kiserian.

Nilimwambia dereva nashukia kwa mti akaitikia tu, hakuuliza kitu. Saa tatu akasimama. Nikashuka, probox ikaondoka, nikatafuta mti. Hakuna mti. Kuna kibanda cha kuuza kredo, mbuzi kama sita na kisiki kimekaliwa na mzee mwenye shuka nyekundu. "Sopa," akaniambia, nikajibu "epa" kwa sababu hiyo moja naijua. Nikamuuliza hapa ndio kwa mti? Akagonga kisiki kwa fimbo. Ulianguka mvua ya mwaka juzi, kuni zikaisha zamani, lakini gari bado zinasimama hapa, na mtu akisema tukutane kwa mti hakuna anayepotea. Isipokuwa wewe, akasema.

Tanki kweli liko, jeusi, kubwa, limeinuliwa juu ya stendi ya chuma. Jipya kabisa, stika bado haijatoka.

Saa tatu na nusu hadi saa tano. Hapa ndio kichwa kiliniuma. Friji ni ile isiyo na betri, paneli zinaendesha kompresa moja kwa moja, mchana inagandisha barafu ndani ya kuta na usiku ile barafu ndio inashikilia baridi. Nikapima volti za paneli, sawa. Nikafungua viungio vya waya, hakuna kilichoungua, hakuna panya aliyetafuna. Vumbi nikapangusa lakini halikuwa jingi. Kompresa inanguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Nikamwambia sista, mashine yako ni nzima. Akaniangalia vile mama anamwangalia mtoto anayedai ameoga. "Asubuhi huwa nzima. Ni jioni ndio inaugua. Na huwa haikuwa hivi, imeanza mwezi huu."

Sasa ukiambiwa hivyo utafanya nini, unangoja jioni.

Saa sita. Kijana wa pikipiki akasema badala ya kukaa hapo nikinyemelewa na mbuzi, twende Olorgesailie ni karibu. Nimepita jina hilo kwa vibao maisha yangu yote na sijawahi kuingia, aibu bana. Ni eneo la Makumbusho ya Taifa. Mjiolojia mmoja, J. W. Gregory, aliona zana za mawe hapo 1919, kisha miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey wakaanza kuchimba. Unatembea juu ya daraja la mbao na chini yako, mahali palepale yalipoachwa, kuna mashoka ya mawe, mengi, mamia, yamelala kama viatu nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Yale ya zamani kabisa eneo hilo yana kama miaka 1,200,000. Udongo wenyewe ni mweupe kama unga kwa sababu hapo palikuwa ziwa, na huo weupe ni maganda ya mwani mdogo sana wa majini uliozama chini miaka na miaka. Pia kuna mifupa ya ndovu wa aina ambayo haipo tena duniani.

Wageni huuliza kuhusu ndovu. Mimi kama fundi nilibaki na swali moja: mtu anachonga chombo kizuri namna hiyo, pande zote mbili, ncha imenyooka, halafu anakiacha chini na kuondoka? Yaani mamia? Mimi spana moja ikipotea silali. Kijana wa pikipiki akasema labda walikuwa na mawe mengi, akanielekezea ule mlima wa Olorgesailie, kwamba mawe yalitoka huko. Halafu akaongeza kwamba yeye akielekeza mtu nyumbani kwao hataji makumbusho hata siku moja, anasema "pita kwa mti, ukifika kwa duka lililofungwa kunja."

Saa nane na nusu tumerudi. Nikaketi chini ya ukuta na mita yangu. Saa tisa hivi volti zikaanza kuanguka, polepole, halafu kwa kishindo. Mawingu hakuna. Nikainua kichwa nikaona kivuli, mviringo mzuri, kimepanda juu ya paneli ya kwanza kama mtu anajifunika blanketi. Tanki! Lile jeusi. Limewekwa mwezi huu, upande wa magharibi, na paneli ikifunikwa hata sehemu tu inavuta zile zingine chini pamoja nayo. Jua lote la jioni linapotea, barafu haimaliziki kuganda.

Nikawaambia tanki lisogezwe. Weh! Kikao kikaitishwa hapohapo, wazee watatu, sista, mwenye kibanda cha kredo. Yule mzee wa kisiki ndiye aliyefunga mjadala: "Kijana wangu, mti umeshaanguka. Tanki nalo tukilihamisha, watu wataelekezwa na nini?" Kwa hivyo zikahama paneli. Saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja tumefungua bolti, tumebeba fremu hadi upande wa pili wa choo, tumevuta waya yote niliyokuja nayo, vijana wanne wakisaidia na wanane wakishauri. Sista akaniambia chanjo hazirudi ndani hadi friji ishike nyuzi zake siku mbili mfululizo, na hapo alikuwa sawa kabisa, mimi nilitaka kuharakisha.

Saa kumi na mbili nikapata lori la mchanga hadi Kiserian. Kona Baridi nikavaa kila kitu nilichovua asubuhi.

Saa tatu na nusu usiku, Kayole, napanga vyombo. Spana namba kumi haipo. Nimemwaga begi lote kitandani, nimekung'uta hadi soksi. Nikampigia sista.

"Tumeiona kwa nyasi, fundi. Utamtuma dereva wa probox, tumeiacha kwa mti."