Siku ya kununua nilikuwa dada

Leo Ijumaa, siku ya sita, na bado sijapata la kumjibu yule kijana aliyeniuzia king'amuzi.

Si kwamba sijatafuta. Jibu moja lilinijia nikiwa nahesabu rimu za karatasi dukani, jingine kwenye daladala ya Mikindani, na lile kali kuliko yote lilikuja saa nane ya usiku, nikaketi kitandani nikacheka peke yangu gizani. Kulipokucha nimelisahau.

Habari yenyewe ni king'amuzi cha Mama. Mnaijua ile TV ya chogo ya marehemu Baba, ile Mama aliyomfukuzia mnunuzi wa chuma chakavu. Baba aliipigania hiyo. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ile usiku wa Desemba 31, 2012, kisha na sisi wa mikoani zamu ikatufikia, alisema wamezima TV yake bila kumwuliza. Alikubali kununua king'amuzi kwa shingo upande, na hicho ndicho kilichopigwa na umeme kwenye mvua za Machi. Tangu hapo TV imekaa kimya na kitambaa chake kichwani.

Kaka Selemani akasema tumnunulie Mama flati, dishi na kifurushi. Kaka Selemani akisema "tumnunulie" ana maana nimnunulie mimi. Bahati nzuri Mama mwenyewe hataki cha kulipia. Hajasahau mwaka 2018, ving'amuzi vya dishi vilipotakiwa kuziondoa chaneli za bure, dada yake alivyokaa na kifurushi alichokilipia na chaneli za nyumbani hazioni. Yeye anataka taarifa ya habari ya saa mbili na mawaidha, basi.

Kwa hiyo Jumatano ya wiki iliyopita nikaenda maduka ya karibu na soko kuu. King'amuzi cha antena 38,000, antena ya nje yenye busta ya kuyapa mawimbi nguvu 15,000. Kijana muuzaji alikuwa asali. "Karibu dada. Hiki dada hakina usumbufu. Nikufungie dada? Dada utakuja kunishukuru." Mara nne. Nimehesabu.

Alhamisi Rashidi, anayeniita shangazi, akapanda juu ya bati na mti wa mvinje, akaufunga pembeni ya jiko. Tukaangalia antena za majirani zimeelekea wapi, tukaigeuza yetu huko huko. Nyaya tatu nyuma ya TV, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Tukabonyeza itafute chaneli. Ikatafuta mpaka mwisho, ikapata sifuri. Tukazungusha antena. Sifuri. Kwenye skrini kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora: ule wa nguvu ukawa unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, wa ubora haukuinua hata kichwa. Nyumba ya Mama iko bondeni, ghuba mbele, kilima nyuma. Wajerumani walijua walichofanya mwaka 1895 kujenga Boma lao pale juu. Sisi wa chini ndio tunaohangaika. Enzi za analojia ungeona walau chenga, na ndani ya chenga kivuli cha mtu na sauti yake. Dijitali haina huruma hiyo. Ama unaona mpaka chunusi za mtangazaji, ama huoni kitu.

Jumamosi nikakirudisha. Hapa nitaandika kama ilivyokuwa, nisijipendelee.

Nikasema, "Hiki king'amuzi mlichoniuzia hakishiki chaneli."

Akasema, macho kwenye simu, "Hakishiki wapi?"

"Mikindani."

Akakichukua, akakichomeka kwenye antena yao pale kaunta, na haikupita dakika picha ikaja, mama mmoja anakaanga vitunguu, safi, sauti na kila kitu. Watu walikuwepo. Wanaume wawili wananunua taa na dada mmoja na mtoto mgongoni. Kijana akakichomoa, akaukunja waya taratibu, akanisogezea.

"Mama, sisi tunauza king'amuzi. Mawimbi hatuuzi."

Wakacheka. Hata yule mwenye mtoto. Na mimi, mtu mzima, nikafungua mdomo nikasema, "Haya, ahsante."

Ahsante!

Wiki hii posa ya Zainabu imekubaliwa, pesa za korosho za mjomba zimeingia baada ya kuzisubiri mpaka tukachoka, na Jumanne tumemzika mzee wetu wa mafuta ya taa kule Magomeni, Mungu amrehemu. Vyote hivyo vimepita mimi nikibishana na mtu asiyekuwepo. Makaburini kabisa nilijikuta nasema moyoni, "Na mimi nilikupa pesa, sikukupa ruhusa ya kunicheka." Halafu nikaona hapana, hilo refu mno, angekuwa ameshahudumia mteja mwingine.

Niseme ukweli? Mawimbi hayajaniuma hivyo. Ni maneno mazuri, yangekuwa ya kwangu ningeyarudia kwenye harusi. Kinachoniuma ni hilo la mwanzo. Siku ya kununua nilikuwa dada. Siku ya kurudisha nimekuwa mama. Siku tatu tu! Najua kwetu mama ni heshima, na wanafunzi wanaokuja kutoa fotokopi wakiniita mama naitika bila kinyongo. Lakini huyu ni mtu mwenye ndevu zake, na mimi nina miaka 37, na wale mnaonisoma tangu mwaka juzi mnajua kwa nini neno hilo likinijia ghafla hunikuta sijajipanga. Yeye hajui. Alilitumia kama mtu anavyochukua kitambaa kupangusia kaunta.

Jumatano jioni Rashidi akanipigia. Anapiga kelele, nikadhani nyumba inaungua. "Shangazi, njoo!" Mtoto wa kidato cha pili, alikuwa ameshinda na rimoti akifungua kila mlango wa menyu ile, na ndani kabisa, chini ya mipangilio, akakuta kipengele cha umeme wa antena. Kimezimwa. Kumbe ile busta ya juu ya antena nayo inakula umeme, volti 5, na umeme huo king'amuzi ndicho kinachoupandisha kupitia waya ule ule unaoleta picha. Kikizimwa, busta iko pale kama pambo. Antena ya dukani lazima haikuuhitaji umeme huo, ndiyo maana picha ilikuja. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kwamba king'amuzi ni kizima, na alikuwa hajui kwa nini kwetu hakishiki. Hilo nalo sijui niliweke wapi.

Nilifika saa mbili kasoro. Mama ameshavaa khanga mpya, kama anakwenda mahali. Mtangazaji akatokea, akasema habari za jioni.

"Nzuri mwanangu," Mama akasema. "Za masiku?"

Miezi ile yote ya ukimya alikuwa anamsikiliza redioni, na redioni hamjibu. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia redio haikuangalii usoni. Rashidi akacheka mpaka akaanguka kwenye mkeka, na mimi nikasahau kabisa kuna kijana mjini anauza ving'amuzi.

Kwenye saa tatu hivi picha ikaanza kuvunjika vijumba vijumba, ikaganda, mtu wa michezo mdomo wazi. Mama akasema, "Mwacheni apumzike, kasema sana." Nikaenda kugusa king'amuzi: moto kama pasi. Na juu yake, kimenyooshwa vizuri pembe zote nne, kitambaa cha kufuma cha Mama, maua ya zambarau, kimeziba matundu yote ya hewa. Nyumba ile hakuna kitu kisichovaa kitambaa, hata ndoo ya maji inacho. Tulijadiliana. Mwafaka: kitambaa kimehamia chini, juu ya kitambaa vifuniko vinne vya soda, juu ya vifuniko king'amuzi, ili kipate upepo tumboni. Jana kimekesha hakijaganda.

Sikipi miaka mingi. Adapta yake nyepesi kama ganda la korosho, na umeme ukirudi kwa kishindo hiyo ndiyo itakayotangulia. Nimemwambia Mama ukikatika tu achomoe, naye kaitikia kwa namna ya mtu ambaye hatachomoa. Risiti nimeiweka kwenye bahasha pamoja na vyeti vyangu. Na kikifa, nitakirudisha pale pale, na nitamwita "baba". Nimelipata! Naliandika hapa kabla halijapotea.

Bosi kanitumia ujumbe saa kumi na moja: "Jumatatu njoo mapema kidogo tuongee." Mapema kidogo ni saa ngapi? Nimemwuliza, ameusoma, hajajibu. Wiki iliyopita alikuja mtu na futi kamba akapima mlango wa duka letu, upana na kimo, akaandika kwenye kiganja, akaondoka. Nilidhani ni wa grili.