Kigingi na mwendo: kupima mshororo wa Ibn Gabirol

Shelomo ibn Gabirol, mshairi na mwanafalsafa Myahudi, mzaliwa wa Málaga, Uhispania (1021 au 1022), aliyekulia Zaragoza, alikuwa na miaka 16 alipojigamba hivi kwa Kiebrania:

*ani hassar vehashir li le'aved*

Yaani: mimi ndiye mkuu, na ushairi ni mtumwa wangu. Hesabu mizani, yaani silabi, utapata 11. Sasa usiishie hapo. Katika mashairi yetu ya Kiswahili silabi zote zina uzito mmoja. Yeye alifuata arudhi (kanuni za utunzi) ya Kiarabu, ambayo mshairi Dunash ben Labrat aliiingiza kwenye Kiebrania karne ya 10, na humo kuna fupi na ndefu. Silabi fupi ikifuatwa na ndefu ni *yated*, kigingi cha hema. Ndefu iliyosimama peke yake ni *tenua*, mwendo. Bahari hii, yaani mpangilio huu wa silabi, Waarabu huiita wafir; hufuata kigingi na miendo miwili, mara mbili, kisha kigingi na mwendo mmoja:

*ani–has–sar / vehash–shir–li / le'a–ved*

Ukisoma kwa Kiebrania cha leo utaharibu. Shairi linaishia na neno *shemonim*, yaani 80, maana kijana anadai ana moyo wa mzee wa miaka hiyo. Siku hizi watu hutamka *shmonim*. Irabu fupi ikishamezwa, kigingi kinang'oka na mshororo unabaki na mizani 10.

Keter Malkhut (Taji la Ufalme), utungo wake mkubwa wa sala, usiupime hivyo. Ule ni nathari yenye vina, na ndani yake anapanda kutoka duniani, tufe la mwezi na sayari, hadi tufe la 10, la akili. Hapo falsafa yake imo waziwazi.

Kitabu chenyewe cha falsafa, Chemchemi ya Uhai, alikiandika kwa Kiarabu: sehemu 5 za mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, kwamba kila kilichoumbwa, hata malaika, kina maada na umbo. Hakunukuu Torati hata mara moja, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililomponza. Asili ya Kiarabu ikapotea, tafsiri ya Kilatini ikabaki kwa jina la Avicebron, na wasomaji wa Kilatini wakamdhania Mwarabu au Mkristo. Mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas alibishana naye bila kujua ni Myahudi. Hadi mwaka 1846 msomi Salomon Munk, huko Paris, alipolinganisha Kilatini hicho na dondoo za Kiebrania alizoziacha mwanafalsafa Myahudi Shem Tov ibn Falaquera, akakuta ni kitabu kimoja. Miaka yote hiyo masinagogi yalikuwa yakisoma Keter Malkhut kila Yom Kippur (Siku ya Upatanisho), jina la mtunzi likijulikana.