Jiko moja, sufuria tatu: ninavyoandaa jioni ya mashindano ya kupika nyumbani Mbeya

Kwetu Mbeya mashindano ya kupika ya familia tunayafanya Jumamosi jioni, na kazi ya kuyaandaa ni yangu. Watu 12 wanatosha: timu 3 za watu watatu watatu, na majaji 3. Wakizidi hapo majiko hayatoshi, na mtu asiye na kazi jikoni huanza kuwafundisha wenzake.

Kila timu inapewa jiko moja la mkaa na dakika 90 za kupika wali, maharage ya kuunga na mboga ya majani yenye karanga. Hapo ndipo penye mashindano yenyewe. Karibu kila mtu mzima kwenye familia anajua kupika vyakula hivyo. Kupanga ni sufuria ipi itangulie na ipi isubiri wakati moto ni mmoja na unapungua ni ujuzi mwingine, na unaonekana haraka.

Kwa hiyo kitu ninachokihangaikia kuliko vyote ni moto ulio sawa. Timu moja ikipewa gesi na nyingine mkaa, matokeo hayana maana. Natafuta majiko 3 ya udongo yenye ganda la bati, ya ukubwa mmoja, na yale nisiyo nayo naazima kwa majirani tangu Ijumaa ili niyakague: udongo wa ndani ukiwa umepasuka au chekeche limevunjika, makaa yanadondoka kwenye jivu na moto unakufa mapema. Kila timu napima mkaa kilo 2 kwa mizani. Kilo 1 na nusu nawasha mwenyewe nusu saa kabla, kwa magunzi na vijiti vikavu. Mafuta ya taa situmii kabisa, maana harufu yake inakaa kwenye chakula. Nusu kilo iliyobaki wanawekewa pembeni, waiongeze wakitaka. Wengi wanaongeza wakiwa wameshachelewa: mkaa mbichi unapoza moto na kutoa moshi kwa dakika kama kumi, na kama wali upo jikoni wakati huo, unakaa katikati bila kuiva wala kukauka.

Majiko yote yanakaa nje, uani, upande wenye ukuta. Upepo wa Juni na Julai hapa unafanya jiko la pembeni liwake kwa kasi na kuisha haraka, kwa hiyo nasimamisha bati la kuezekea kama kinga na nafasi tunazigawa kwa kura. Baridi ikizidi kuna watu wataomba majiko yaingizwe ndani. Hapo sikubali, hata wazee wakisema. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu usingizini. Atakayesikia baridi avae koti au ajifunge kitenge.

Maharage nayachemsha mimi, timu zinaunga tu. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Maharage makavu hayawezi kuiva ndani ya dakika 90 pamoja na vingine vyote. Kilo 1 na robo inatosha watu 12. Nachagua mawe, naloweka Ijumaa usiku, Jumamosi namwaga maji yale na kuanza kuchemsha saa 7 mchana yakitokota kwelikweli. Chumvi na nyanya haziguswi hapo. Nyanya ina uchachu, na ukiitia kabla harage halijalainika, ganda linabaki gumu hata uongeze saa nzima. Maharage yaliyokaa stoo muda mrefu nayo ni magumu, kwa hiyo sokoni naulizia ya msimu huu. Magadi yanaharakisha lakini yanaacha ladha ya sabuni, na kwenye mashindano ladha hiyo itawaangukia wapishi wasio na kosa. Yakiiva napata kama kilo 2 na nusu: kila timu gramu 800 na vikombe 2 vya supu yake. Supu hiyo watu wanaipuuza, na ndiyo inayofanya rojo liwe zito.

Mchele ni wa Kyela, nusu kilo kwa kila timu, wote kutoka mfuko mmoja. Maji wanapima wenyewe, na sisemi neno. Kwa nusu kilo, ambayo ni vikombe 2 na nusu vya robo lita, mchele uliokaa unataka vikombe 5 au 5 na nusu huku juu. Mchele mpya, ule wa baada ya mavuno, unatosheka na pungufu ya hapo, na atakayemimina kwa mazoea ya mchele wa zamani atapata bokoboko. Anayeusugua sana wakati wa kuosha anauvunja, na zile chenga ndizo zinazofanya wali ugande. Maji yakikauka, moto wa chini unapunguzwa, sufuria inafunikwa vizuri na makaa kidogo yanawekwa juu ya mfuniko kwa dakika 15. Huo ndio wali wa kupaliwa, na jaji mzoefu anautambua kwa punje za juu zilizokauka sawa na za katikati.

Sasa mpangilio. Moto wa mkaa una nguvu dakika 40 za mwanzo, halafu unatulia. Timu inayoanza na wali inautumia moto mkali kwa chakula kinachotaka moto mdogo mwishoni, kisha inabaki na makaa dhaifu ya kukaangia vitunguu. Mpangilio unaofanya kazi ni maharage kwanza, dakika 20. Mboga ya karanga, dakika 25. Wali mwisho, dakika 35 hadi 40. Hapo dakika 90 zinajaa bila nafasi ya kuzubaa. Kukata na kumenya kunafanyika sufuria nyingine ikiwa jikoni, ndiyo maana watu watatu wanahitajika.

Mboga ni chainizi au mnafu, mafungu 2 kwa timu, na karanga mbichi za kusaga, robo kilo. Nimechagua karanga kuliko nazi kwa sababu nazi inatoka Pwani: inafika hapa ghali na nyingine imeshaharibika ndani. Karanga nazichambua punje kwa punje kabla ya kusaga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu natupa, maana inaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Unga wa karanga unakorogwa kwanza na maji ya vuguvugu pembeni. Ukimiminwa mkavu kwenye sufuria ya moto unafanya madonge. Unataka dakika 15 za kutokota polepole huku mwiko ukifika chini, kwa sababu karanga hushika sufuria upesi na ile ladha ya kuungua inapanda hadi juu.

Kwenye sinia ya kila timu naweka pia nyanya 5, vitunguu 3, karoti 1, hoho 1, kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, mafuta nusu kikombe, chumvi vijiko 2 vya chakula na binzari kijiko cha chai. Kisu, mwiko, upawa na kibao kila timu ina vyake. Kibao kimoja cha kuazimana kinazua ugomvi kuliko chumvi. Ndoo ya maji yenye bomba na sabuni iwe karibu.

Katika kugawa timu, kila moja inapata mkubwa mmoja anayepika, kijana mmoja, na mmoja asiyezoea jiko. Watoto wa chini ya miaka 10 wanachambua mboga na kutazama saa. Kisu na sufuria ya moto si vyao. Angalia pia miiko ya nyumba. Katika familia za Kinyakyusa zinazoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawakaribiani, hivyo siwaweki timu moja, na kama baba mkwe ni jaji anakaa sebuleni, sahani zinamfuata huko.

Tunaanza saa 10:30 jioni na kumaliza saa 12:00, kwa sababu saa moja giza limeshashika na rangi ya chakula chini ya taa inadanganya. Taa ya sola naichaji mapema, umeme ukikatika tusisimame. Saa 12:00 kamili kila chakula kinaingia kwenye hotpoti. Kwa baridi yetu rojo la karanga likipoa linaganda na mafuta yanajitenga, na sahani ya mwisho kuonjwa inaonewa. Juu ya wali natandaza kitambaa safi kabla ya kufunika, kinyonye mvuke. Zaidi ya dakika 20 hata hivyo unalowa, kwa hiyo majaji hawasubirishwi.

Sahani za kuonja ni za aina moja, zimesuuzwa kwa maji ya moto, na namba imebandikwa chini. Anayepakua ni mimi, kwa kuwa sijapika. Alama ni 30: ladha 10, kuiva 10, muonekano 5, usafi wa eneo la kazi 5. Usafi nauhesabu mwenyewe wakati wakipika, ili majaji wasijue jiko la nani. Majaji wanakunywa maji kati ya sahani na wanaandika kabla ya kuzungumza. Hilo nalisimamia kwa ukali. Babu akishasema "hii ndiyo yenyewe", shangazi na mjomba wataandika hiyohiyo kwa heshima, na utakuwa na jaji mmoja badala ya watatu. Alama zikilingana, ya kuiva ndiyo inaamua.

Nikitangaza, nasoma jumla na maneno ya majaji kwa kila sahani: maharage yamekosa chumvi, wali una kiini, karanga hazijaiva. Wapishi wanayataka hayo kuliko zawadi, ambayo kwetu ni paketi ya majani ya chai ya Rungwe. Wali uliobaki unatandazwa kwenye sinia upoe haraka na kuwekwa kwenye friji usiku uleule. Maharage yanachemshwa tena asubuhi na kuliwa na chapati.