Siku moja Disneyland Paris: jinsi tunavyoipanga tukiwa Nairobi

Likizo ndefu ya shule ya mwisho wa mwaka tutaianza kwa wifi yangu, ambaye amekaa kwa muda mrefu katika kitongoji cha Paris, na katika safari hiyo tumetenga siku moja ya kuwapeleka watoto Disneyland. Kila ninayemweleza jambo hili hapa Nairobi huniambia kwamba siku moja haitoshi. Mimi naona inatosha kabisa, mradi mtu akubali kabla hajatoka nyumbani kwamba hataona kila kitu, na kwamba kazi yake kubwa siku hiyo ni kupigana na foleni.

Mahali penyewe pako Marne-la-Vallée, yapata kilomita 32 mashariki mwa Paris. Palifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, na tangu 2002 pana bustani mbili za michezo zilizo jirani, kila moja na lango lake. Yapo matangazo yanayomshawishi mgeni anunue tiketi ya kuingia zote mbili kwa siku moja, na kwa watu wazima wenye miguu mepesi huenda ni jambo linalowezekana. Sisi tuna mtoto wa miaka tisa na mwingine wa miaka minne, kwa hiyo tumechagua ile ya kwanza tu, yenye kasri na sehemu tano zinazolizunguka. Bustani ya pili itawangoja wakikua, ikiwa wakati huo bado watataka kuongozana na wazazi wao.

Kuhusu mwezi, kalenda ya shule za Kenya imetufaa kwa namna ambayo sikuitarajia. Aprili wetu hugongana na likizo za Wafaransa za majira ya kuchipua, ambazo hutolewa kwa zamu katika kanda tatu na hivyo huchukua wiki nyingi, na Agosti Ulaya nzima iko likizoni. Novemba ni tofauti. Wanafunzi wa Ufaransa hurudi darasani mwanzoni mwa mwezi huo baada ya mapumziko ya Watakatifu Wote, na hawafungi tena hadi Krismasi inapokaribia, ilhali watoto wetu wako huru. Kinachobaki ni kuepuka wikendi, tarehe 11 ambayo ni sikukuu ya taifa kule, na siku za Jumatano ambapo shule nyingi za msingi hazisomeshi. Tumeamua iwe Jumanne au Alhamisi. Tiketi hununuliwa mtandaoni kwa tarehe maalumu, na bei hupanda na kushuka kulingana na siku, kwa hiyo siku yenye watu wachache ndiyo pia huwa nafuu kwa mfuko. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu haingii kwa malipo, wa miaka 3 hadi 11 hulipiwa tiketi ya mtoto, na aliyefikisha 12 huhesabiwa kuwa mtu mzima.

Jambo la kwanza tulilolifanya, hata kabla ya kuuliza nauli ya ndege, ni kuwapima watoto kimo. Michezo ya kasi ina kiwango chake cha urefu, na wahudumu mlangoni hawasikilizi maombi wala machozi. Big Thunder Mountain, ile treni ya machimbo inayopiga mbio kwenye kisiwa katikati ya ziwa, inataka sentimita 102. Hyperspace Mountain inataka 120. Ile ya Indiana Jones inataka 140. Tulimsimamisha mdogo bila viatu kwenye fremu ya mlango wa jikoni, futi ya fundi cherehani ikasoma 101. Alijinyoosha shingo mpaka mishipa ikatokeza, tukapima tena, ikasoma 101. Miezi iliyosalia huenda ikampa ile sentimita, lakini hatumwahidi kitu, kwa sababu mtoto aliyeahidiwa na kukataliwa langoni anaweza kuharibu mchana wa familia nzima. Mkubwa ana kimo cha kutosha kwa mingi, ila woga haupimwi kwa futi, na ndiyo maana tulimpandisha kwanza lile gurudumu kubwa la Two Rivers kwenye barabara ya Limuru. Alishuka akidai kurudi juu, nasi tukajua jibu.

Kwa michezo ambayo mdogo hataruhusiwa upo utaratibu wa wazazi kupokezana, ambao wazazi wengi hawaujui: mmoja anapanga foleni na mkubwa huku mwenzake akibaki na mdogo, kisha wanabadilishana, na yule wa pili hapangi foleni upya. Ni lazima umweleze mhudumu mlangoni kabla ya kuingia.

Sasa foleni zenyewe. Mtu aliyewahi kungoja matatu mjini jioni ya mvua anajua kwamba urefu wa foleni si kitu ukilinganisha na gari linaloihudumia: watu hamsini wanaongoja basi kubwa huondoka kwa mkupuo mmoja, na hao hamsini wakiwa wanangoja Nissan za abiria 14 watalowa. Ndivyo ilivyo kule. Safari ya Peter Pan hubeba watu wachache katika kila kijimeli, na kwa kuwa kila mtoto anaitaka, foleni yake hutambaa kutwa nzima. Vivyo hivyo ndovu wa Dumbo. Kwa upande mwingine, mashua za Pirates of the Caribbean na zile za “it's a small world” humeza watu safu kwa safu, hivyo foleni inayotisha kwa macho husogea bila kusimama. Kutokana na hilo, wifi, ambaye ameshawapeleka wageni wengi kutoka nyumbani, ametupa kanuni moja: asubuhi na mapema panda vile vyenye nafasi chache, mchana watu wakijaa panda mashua.

Wageni wa hoteli za pale huruhusiwa kuingia saa mbili na nusu asubuhi, na sisi wengine saa tatu na nusu. Tunakusudia kuwa langoni saa tatu, na likifunguliwa twende moja kwa moja hadi nyuma ya kasri kwa Peter Pan, bila kusimama kupiga picha wala kutazama maduka ya Main Street, ambayo yatakuwepo hata jioni. Kisha Dumbo, kisha Big Thunder kwa mkubwa. Ipo njia ya kulipia mchezo mmoja mmoja ili kupita foleni ya kawaida, kupitia programu yao ya simu, na gharama yake hubadilika kulingana na msongamano. Nimekubali kuitumia mara moja tu, mchana, miguu ikishachoka; kuinunua asubuhi wakati foleni bado ni fupi ni kutupa pesa.

Yapo pia mambo yasiyo na foleni kabisa, na hayo ndiyo ninayoyangojea mimi binafsi. Chini ya kasri kuna pango, na ndani ya pango kuna joka kubwa la mitambo linalolala kwa minyororo, linalotoa moshi puani na kunguruma likiamka. Unaingia na kutoka upendavyo. Kuna bustani ya vichochoro ya Alice, ambamo mtoto wa miaka minne anaweza kupotea kwa furaha akiwa hatua chache kutoka kwa mama yake. Kuna treni ya mvuke inayozunguka bustani nzima, na mtoto wa Nairobi, mji uliozaliwa na reli, hana budi kuipanda. Mtu anayehesabu michezo mikubwa peke yake hupita haya yote mbio.

Chakula kisitupotezee muda. Wafaransa hula kati ya saa sita na saa nane mchana, na wakati huo mikahawa yote hujaa, kwa hiyo sisi tutakula saa tano na nusu. Kuingia na mkate na vitafunio vyako kunaruhusiwa, ila chupa za vioo, pombe na makasha ya barafu ni marufuku. Wifi amejitolea kupika chapati usiku wa kuamkia siku hiyo.

Baridi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko gharama. Novemba ya Paris ina mvua za manyunyu na upepo, na jua huzama mnamo saa kumi na moja jioni, jambo litakalowashangaza watoto waliozoea giza la saa moja mwaka mzima. Makoti mazito tumeyapata Toi, soko la mitumba, kwa bei ya kuchekesha, kwani wanunuzi wa makoti ya theluji jijini Nairobi si wengi. Yatakuwa yanarudi kwao. Mvua ikizidi, pande zote mbili za Main Street kuna njia zilizoezekwa zinazokufikisha karibu na kasri ukiwa mkavu.

Kufika ni rahisi. Treni ya RER A kutoka katikati ya Paris hukufikisha kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy kwa kama dakika arubaini, na kituo kiko hatua chache tu kutoka langoni. Njia hiyo hugawanyika upande wa mashariki, na treni nyingine huelekea Boissy-Saint-Léger, hivyo ni lazima usome ubao kabla ya kupanda. Tangu Januari 2025 nauli ya treni katika eneo zima la Paris ni moja bila kujali umbali, isipokuwa ya viwanja vya ndege, na kila msafiri huhitaji kadi yake mwenyewe.

Hatujaafikiana bado kuhusu jioni. Baba watoto anataka tubaki hadi maonyesho ya taa na fataki yanayofanyika kwenye kasri wakati wa kufunga. Mimi namfikiria mdogo, na umati wote utakaoelekea kituo kimoja kwa wakati mmoja. Kigari cha kumlaza tutakichukua kwa vyovyote, na nauli ya kurudi itawekwa kwenye kadi asubuhi, kabla ya kutoka kituoni, wakati mashine za tiketi bado hazina mtu mbele yake.