Lubumbashi haiishii katikati ya mji

Wageni wengi wanaoletwa na kazi za migodi hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hulala katikati ya mji, hula hotelini, kisha huondoka wakisema kwamba hapa hakuna cha kutazama. Kauli hiyo huniuma mimi mkaaji wa hapa, kwani najua kwamba wameona nusu tu ya mji, tena ile nusu waliyojijengea Wabelgiji. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, Wazungu walitengewa upande wao na Waafrika wakapewa wao, na baadaye pande hizo mbili zikatenganishwa na eneo tupu lisiloruhusiwa kujengwa. Kwa hiyo anayetaka kuufahamu mji huu sharti atembee pande zote mbili.

Katikati ya mji, pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa. Humo imo misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na kama mahari, ushahidi kwamba watu wa Katanga, eneo hili letu, walijua kuyeyusha madini karne nyingi kabla ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Ukiipenda michoro, ulizia kazi za wachoraji wa Le Hangar, karakana iliyofunguliwa mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, ambamo Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki wake, na Mwenze Kibwanga akajenga picha nzima kwa mistari midogo ya rangi. Anayetaka zawadi ya kupeleka nyumbani atawapata mafundi wanaochora kwa kugonga bamba la shaba, na wachongaji wa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Malakiti halisi ni nzito, ni baridi mkononi, na mistari yake ya kijani hairudii umbo lilelile. Yenye mistari inayofanana mno iacheni.

Kisha nendeni Kamalondo, komini (yaani wilaya ya mji) kongwe ya Waafrika. Hapo ndipo ulipo uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011, na siku ya mechi mitaa yote ya jirani huvaa nyeusi na nyeupe. Klabu hii imetwaa ubingwa wa Afrika mara 5, na mwaka 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, jambo ambalo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imelifanya kabla yake. Hata asiyependa mpira namshauri akasikilize nyimbo za mashabiki.

Soko la Kenya, komini nyingine ya mji huu, ndilo nilipendalo kuliko yote. Wakati wa masika akina mama huuza uyoga wa kila namna, ukiwemo ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu. Kando yake utakuta viwavi waliokaushwa, kapenta (dagaa), sombe (kisamvu) iliyokwisha kutwangwa, na chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi pamoja na karanga na kukatwa vipande kama mkate. Mwenye kiu aagize munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ambacho kikiwa kipya ni kitamu na hakileweshi.

Jioni ni ya michopo, yaani nyama choma. Nyama ya mbuzi huchomwa juu ya makaa mbele ya nganda (baa ya mtaani), hukatwakatwa mbele ya macho yako na kuwekwa juu ya karatasi pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili, nawe unaila kwa mkono, kwa bukari (ugali) ukitaka. Chupa ya bia ya Simba ndiyo huifuata, au Tembo kwa wapendao bia nyeusi. Sitaji nganda moja kuwa bora, kwa kuwa ubora hutegemea mchomaji aliyepo siku hiyo. Tazama mahali ambapo watu wa mtaa wenyewe wanasubiri, kisha fika mapema, kabla giza halijaingia, maana mbavu na mapaja ndiyo huisha kwanza.