Mpeasi wa Lushoto, udongo wa Dodoma

Nilipohamishiwa Dodoma, mama alinifungia mche wa mpeasi ndani ya kipande cha kiroba, mizizi ikiwa bado imeshika udongo mweusi wa kwetu Lushoto. Ilikuwa Julai. Dodoma iko juu, mita 1,100 hivi, na usiku wa Julai una baridi ya kutosha kumdanganya mtu. Nikaupanda karibu na dirisha la jikoni.

Septemba kingo za majani zikageuka kahawia, zikajikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nikaongeza maji, asubuhi ndoo, jioni ndoo. Kufika Krismasi ulishakauka mpaka mzizi. Niliulilia kweli.

Mvua hapa ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu na upepo unaonyonya jani lote. Na hata ungepona, mpeasi unataka baridi ya muda mrefu ndipo utoe maua vizuri. Joto la hapa lisingeniachia tunda.

Mzee jirani yangu alikuwa akiniangalia na ndoo zangu muda wote huo. Siku moja nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, usinunue miche kwa macho. Mwezi wa kumi zunguka mtaani, uone nini kiko kijani na hakuna anayekimwagilia."

Nilizunguka. Mwarobaini. Mkwaju. Bogenvilia zimefunika ukuta mzima. Mshubiri. Na waridi la jangwani, limepandwa kwenye kopo la rangi, limejaa maua ya pinki. Shina lake limevimba chini kama kiazi, na humo ndimo linamoweka maji yake.

Mzabibu ndio ulionishangaza. Ukavu huu uliouua mpeasi wangu ndio unaoupenda, kwa sababu unyevu ukizidi, ugonjwa wa mimea uitwao ubwiri unashambulia majani na vichala. Ukipogoa kwa wakati na ukawa na maji kidogo ya kumwagilia, unavuna mara mbili kwa mwaka. Mzee alinikatia pingili tatu, nikazichimbia mashimo, nikajaza samadi. Zote zilishika.

Mama alikuja mwaka huu. Alisimama chini ya kichanja, akakishika kichala kimoja kwa viganja viwili, akaniomba pingili aende nazo Lushoto. Nikamwambia, mama, kwa ule ukungu wetu wa asubuhi, ubwiri hautauachia hata jani. Akaondoka na zabibu, ndoo ndogo imejaa.